Penseli ya Mama Uliyoiita Uchafu

Mdogo wangu Deo,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwenye simu ya kila mwanakwaya hapa Mafiga: umenenepa, umevaa koti zuri, shavu linang'aa, na nyuma yako kuna dirisha lenye theluji. Mshukuru Mungu. Mimi mzima, wanangu wazima, cherehani yangu nzima. Salamu zimeisha, sasa tuongee.

Barua hii naiandika wazi. Nimemwomba katibu wa kwaya aisome mbele ya watu Jumapili baada ya misa, kisha aitume kwenye kundi lile lile lililotuma video yako. Usije ukalalamika kwamba dada kanidhalilisha. Wewe ulisema yako hadharani, nami najibu hadharani, tena kwa Kiswahili hicho hicho ulichokitumia, asije mtu akajitetea kwamba hakuelewa.

Kwenye video yule mtangazaji alikuuliza daftari la muziki umelipataje. Sehemu hiyo nimeirudia mpaka mwanangu kaninyang'anya simu. Ukajibu kwa sauti yako mpya, ile laini ya msomi: "Nililikuta huko kijijini kwetu, milimani, limetelekezwa. Lilikuwa limechorwachorwa penseli na watu wasiojua thamani yake. Tunashukuru wataalamu wamesafisha uchafu wote, sasa liko kama lilivyotoka mikononi mwa mwandishi." Mtangazaji akakupa pole. Na wewe pole ukaipokea! Ukatikisa kichwa kama mfiwa.

Deo, hao watu wasiojua thamani yake ni akina nani? Wataje kwa majina. Maana waliolishika daftari lile mimi nawajua wote, hawamalizi vidole vya mkono mmoja, na mwenye penseli alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyekuzaa.

Wengi watakaoisikia barua hii hawajui tunagombania nini. Basi niwaeleze kupitia kwako, na wewe usikilize, kwa sababu naona umesahau au umeamua kusahau.

Wakati wa vita vya Hitla waliletwa Wapolandi huku kwetu, watu waliofukuzwa makwao, wakawekwa makambini, wengine hapa Morogoro. Vita vilipokwisha wengi waliondoka. Mmoja akabaki, mzee mpiga kinanda, misheni ikampa chumba nyuma ya kanisa letu kule Mlali. Watu walimwita Bwana Kinanda kwa sababu jina lake lilikuwa na herufi nyingi zilizokuwa zinagombana mdomoni. Alikuja na sanduku moja, na ndani ya sanduku mlikuwa na daftari lenye jalada la kitambaa cheusi. Ujanani kwao alikuwa amenakili kwa mkono wake muziki wa kinanda wa zamani sana, wa karne nyingi, kutoka kwenye kitabu cha kanisa lao. Kitabu chenyewe kiliungua vitani. Hilo la kuungua nimelijua kwako, kwenye video, na hapo nakubali: daftari lina thamani kwa dunia nzima. Lakini kwetu lilikuwa na thamani kabla dunia haijaambiwa.

Mama alikuwa binti wa mpishi wa misheni. Bwana Kinanda ndiye aliyemfundisha kusoma daftari lile akiwa msichana, na kabla hajafa akamwachia yeye, si padri, si mwalimu mkuu. Kaburi lake lipo pale pale kando ya kanisa. Mama ndiye aliyekuwa akilipalilia, na mimi na wewe tulikuwa tunatumwa maji ya kumwagilia maua, ukimwaga nusu njiani. Kwenye video hukulitaja kaburi. Ulisema "limetelekezwa".

Nakuja kwenye maandishi yenyewe, ambayo ndiyo roho ya ugomvi huu. Sauti ya juu, ya mkono wa kulia, imeandikwa kwa nota kwenye mistari mitano, kama kwenye vitabu vya siku hizi. Sauti za chini, za mkono wa kushoto, hazina mistari wala nota. Ni herufi tu: c, d, e, f, g, a, h, zimepangwa safu kwa safu chini ya mistari. Juu ya herufi kuna kijiti. Kijiti kitupu, unashikilia. Kijiti chenye mkia mmoja, ni fupi. Mikia miwili, unakimbia. Herufi yenye kulabu mguuni inapanda nusu sauti. Wanakwaya wetu waliozoea do-re-mi walikuwa wanachungulia wanacheka, wanasema mama yenu anasoma barua ya Mzungu kwa kinanda. Wewe sasa unaiita tabulatura. Sawa, jina zuri. Mama aliita "juu" na "chini", basi.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza? Mama alianguka mteremkoni akitoka Mgeta na mzigo wa maharage, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaungwa vibaya. Vidole viwili havikunyooka tena mpaka anaingia kaburini. Mtu mwingine angefunga daftari. Yeye alitukalisha sisi. Mimi nilikuwa darasa la tano, herufi nazijua, nikapewa chini. Wewe hukuwa umeanza hata shule. Mama akakuonyesha ile mistari mitano akasema, "Haya ni matuta ya shamba la bibi kule juu. Hizi nyeusi ni mbegu. Mbegu ikikaa tuta la juu, kidole kinapanda. Ikikaa tuta la chini, kinashuka." Ukacheka mpaka kamasi zikatoka, ukaelewa siku hiyo hiyo. Huko uliko wakikuuliza ulianzia wapi kusoma nota, huwa unawaambia nini? Maana ulianzia kwenye matuta ya bibi, kaptula imefungwa kwa kamba.

Tulikaa benchi moja, mimi kushoto, wewe kulia, na mama kasimama nyuma yetu anaongoza kwaya. Miguu yako haikufika chini, kwa hiyo kukanyaga kinanda kipate upepo ilikuwa kazi yangu. Ulikuwa unanipiga kiwiko makusudi. Nami nilikuwa nakufinya paja, na ushahidi ulikuwa unamwonyesha mama jioni. Kuna Jumapili ulisinzia watu wanakwenda komunyo, ukaniegemea kabisa, nikabaki na herufi zangu peke yangu nakanyaga na kukubeba, mpaka mama akakuvuta sikio bila kuacha kuimba. Ukaamka ukaingia pale pale tulipofika, hukukosea hata nota moja. Siku hiyo nilijua una kitu ambacho mimi sina. Sikukuonea wivu, Deo. Nilijivuna. Nilikuwa nawaambia wasichana wenzangu kisimani, "Mdogo wangu anapiga kinanda usingizini."

Halafu ukaja mwaka ule wa mvua nyingi, mchwa wakaingia kabati la sakristia. Wakala karatasi mbili za mwisho za daftari. Kipande kile kikubwa tulichokuwa tunafungia misa kikawa kinaishia hewani. Tunapiga, tunapiga, halafu kimya. Jumapili ya kwanza padri alibaki mlangoni mguu mmoja nje mmoja ndani. Waumini walinyanyuka nusu, makalio hayapo benchini na wao hawajasimama, wanatazamana. Wengine wakakaa tena. Bibi mmoja pale mbele akapaza sauti, "Jamani, tuondoke au tusiondoke?" Kanisa zima likaangua kicheko, na padri naye. Mama peke yake hakucheka.

Wiki hiyo nzima mama alishinda jikoni na daftari mezani na penseli sikioni, ugali ukaungua mara mbili. Alikuwa anatengeneza mwisho. Aliuchukua ule wimbo wanaouimba wanawake wakishuka na mizigo kutoka Mgeta, wa kupeana pumzi kwenye mteremko, akaukatakata, akauficha katikati ya vinota vidogo vinavyokimbia, mpaka ukawa ndugu kabisa na ule muziki wa Wapolandi. Kisha akauandika kwenye ukurasa mtupu ndani ya jalada. Juu, nota, kwa ajili yako. Chini, herufi, kwa ajili yangu, na vijiti vyake na mikia yake na kulabu zake, hakuacha kitu. Nilimuuliza kwa nini asiandike kwa wino isifutike. Akanijibu hajainua kichwa, "Daftari hili si langu, mwanangu. Naomba ukurasa tu."

Ndiyo penseli hiyo. Alitumia penseli kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyowarahisishia kazi wataalamu wako wa kifutio!

Na zile alama nyingine ulizoziita kuchorwachorwa? Vile viduara vilikuwa mahali kwaya inavuta pumzi. Zile namba zilikuwa za vidole vyangu, kwa sababu nilikuwa najikanganya. Na ukurasa wa nne, pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala, palikuwa na maneno mawili: "Deo, taratibu." Kwa sababu ulikuwa unakimbia pale, kila Jumapili unakimbia. Umewalipa watu wafute jina lako mwenyewe lililoandikwa na mama yako. Hebu kaa na hilo kidogo. Mimi nimekaa nalo tangu video ile.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana sitaki useme natupa mawe huku nimejificha.

Ilikuwa baada ya misa ya arobaini ya mama. Tulikuwa barazani kule Mlali, akina mama wanaosha masufuria. Ukaniambia, "Dada, nipe daftari nikalipige picha tu. Pasaka narudi nalo." Ulijua utaratibu wetu. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, na kitu cha mama hakitoki nyumbani mpaka mjomba aketi, aambiwe, akubali. Nikakuambia tumsubiri mjomba, kaenda Gairo kufuata mahindi, kesho kutwa yupo. Ukasema ndege haisubiri. Na mimi, mjinga niliyeiva, nikalifunga daftari ndani ya kanga ya mama, ile ya kijani, nikakuwekea mikononi. Mjomba aliporudi akauliza. Nikamwambia liko kwangu Mafiga, nalitunza. Nilimdanganya mzee wa watu machoni, mdogo wake mama, kwa ajili yako wewe. Pasaka ikaja, ikapita. Ya pili ikaja. Kila nikikupigia, "Dada, bado kidogo, wataalamu wanalifanyia kazi." Nikadhani kazi maana yake kuunga karatasi na kushona jalada. Mimi fundi, nikajua na wenzangu huko ni mafundi. Kumbe walikuwa wanafuta.

Kanga nayo sijaiona.

Juzi mjukuu wa mjomba kamwonyesha babu yake video yako. Mjomba hakupiga simu, alikuja mwenyewe mpaka kwenye kibanda changu cha ushonaji, jua la saa saba, na fimbo yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku amesimama. Nikamvutia kiti, hakukitazama.

"Daftari la dada yangu liko wapi?"

Nikajifanya natafuta uzi.

"Nakuuliza wewe, siulizi cherehani."

Nikamwambia yote. Kanga, ndege, Pasaka, uongo wangu. Mteja wangu aliyekuja kupima gauni akatoka nje taratibu. Mjomba hakufoka. Afadhali angefoka, ningelia nikamaliza. Alinitazama tu, akasema, "Kumbe mko wawili." Kisha akaketi, akaomba maji.

Maneno hayo, Deo, bado nayasikia. Miaka yote nimekuwa mtoto aliyebaki. Nimemwosha mama, nimemlisha, nimepiga naye kinanda mpaka mwisho, yeye juu kwa mkono wake mzima, mimi chini. Na leo nimewekwa kapu moja na wewe. Nina hasira nawe kwa kufuta, na nina hasira na mimi kwa kukupa cha kufuta. Ila yangu nimeitubu. Wewe yako uliitangaza.

Basi katikati ya hayo, kidonda kibichi, simu ikalia. Ujumbe wako huu hapa, naunakili kama ulivyo, watu wausikie:

"Shikamoo dada. Za siku nyingi. Samahani, una picha yoyote ya ule ukurasa wa ndani ya jalada? Nakumbuka mama alikuwa na kitu pale mwishoni. Kuna onyesho linakuja na kile kipande kinakatika vibaya. Hata ukirekodi kwa simu inatosha. Nitakuweka kwenye shukrani kama mtoa taarifa."

Mtoa taarifa! Kama vile nimeona gari limegonga mbuzi, nikakimbia polisi. Thubutu!

Kumbe na watu wa huko wananyanyuka nusu, wanakaa tena! Nilicheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuchungulia. Halafu kicheko kikaisha, nikalia, kwa sababu niliisoma tena ile sehemu: "Nakumbuka mama alikuwa na kitu pale mwishoni." Yaani ulijua. Muda wote nilikuwa nimekutafutia kisingizio: labda alikuwa mdogo, labda kasahau, labda walifuta bila kumuuliza. La. Ulijua kuna kitu, ulijua cha nani, na walipokuuliza penseli hii ibaki au itoke, ukawaambia itoke. Nadhani uliona aibu. Uliona watu wenye makoti watacheka wakikuta muziki wa wafalme umeandikwa pembeni "Deo, taratibu", na wimbo wa wanawake wabeba kabichi umeshonwa kwenye pindo lake. Ukaona bora uwe mtu aliyeokota daftari kuliko mtoto aliyelelewa nalo. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko hata kufuta kwenyewe.

Nilitaka nikujibu neno moja la matusi na kukufungia namba. Badala yake Jumamosi nilikwenda Mlali.

Kinanda chetu bado kipo, wamekihamishia sakristia. Kanisani siku hizi wana kibodi cha umeme, kinapiga hadi ngoma chenyewe. Kile cha kukanyaga wamekirundikia maua ya plastiki na ndoo. Nikaondoa ndoo. Ngozi ya upepo bado ina viraka vya mpira wa baiskeli alivyobandika mama. Nikakanyaga, kikakohoa, kikaamka. Mjomba alikuwa amekuja nami, akaketi kwenye sanduku la mishumaa, fimbo katikati ya magoti.

Nilianza kile kipande tangu mwanzo. Herufi zangu zote zilikuja, Deo. Sikuwa na karatasi, sikuwa na kitu. Nikafika pale mchwa walipokula, nikavuka, nikaingia kwenye mwisho wa mama, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe, kijiti kwa kijiti, mkia kwa mkia, mpaka ile herufi ya mwisho unayoshikilia hadi upepo uishe. Hakijapotea! Hakijapotea, nikasema kwa sauti.

Mjomba akauliza, "Mbona juu kimya?"

Ndipo nikausikia ukimya wenyewe. Nikajaribu kwa mkono wa kulia. Wimbo naujua, hata mjomba anaujua, alianza kuuimba pale pale kwa sauti yake iliyochoka. Lakini mama hakuuandika kama unavyoimbwa. Aliuzungushia vile vinota vidogo, na hivyo mimi sivijui, sikuwahi kuvijua. Miaka yote nilikuwa nahesabu herufi zangu, chini. Juu kulikuwa kwako, na ulipoondoka kukawa kwake. Nilijaribu mara tatu, mara nne. Ilitoka kama mtoto anayegongagonga sufuria.

"Nusu hiyo ni ya Deo," nikamwambia mjomba.

Akasema, "Basi mwite." Akaongeza, "Usimbembeleze. Mwite."

Nami nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mjomba, ila wewe nakwambia. Siku tuliyomzika mama, ulikuwa umekaa mkekani na wanaume, kichwa umeinamisha. Hukulia. Watu walisema Ulaya imemkausha machozi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nakutazama. Vidole vya mkono wako wa kulia vilikuwa vinatembea juu ya goti. Wewe mwenyewe hukujua. Nilijua vinapiga nini kwa sababu vyangu vya kushoto, ndani ya kanga, vilikuwa vimeanza kuvijibu. Tulipiga mwisho ule wote, mimi huku na wewe kule, jeneza likiwa katikati.

Kwa hiyo ombi lako nalijibu hivi. Picha sina. Rekodi sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Ninachokijua ni nusu, na nusu hiyo haitumwi kwa simu. Nusu ya pili unatembea nayo wewe, kwenye mkono wa kulia, isipokuwa kama na huo wataalamu wameusafisha.

Njoo Mlali. Usije na mashine za kurekodia wala na mgeni. Ukifika, unaanza kwa mjomba. Utamwamkia, utaketi chini, utamwomba radhi, na habari ya daftari lenyewe mtaimaliza ninyi wawili. Mimi pale nitanyamaza kwa sababu na mimi nina kesi. Kisha utamtafuta yule mtangazaji, umwambie penseli ilikuwa ya nani, utaje jina la mama lote, la ubatizo na la ukoo, na useme alikuwa mpiga kinanda. Bila hayo mawili sigusi kinanda, hata uje na askofu.

Ukishayafanya, utakaa kulia na mimi kushoto. Siku hizi miguu yako inafika chini, utakanyaga wewe, mimi magoti yamechoka na cherehani. Usidhani nikisogea kukupa nafasi kwenye benchi ndiyo nimekusamehe. Nitakupiga kiwiko, tena nitakipiga vizuri. Na usichelewe. Kidole gumba changu cha kushoto kimeanza kukaza asubuhi, nakikanda kwa maji ya moto ndipo nishike mkasi. Kikigoma hiki, mama atakuwa ameondoka mara ya pili, na safari hii hatutakuwa na mchwa wa kumsingizia.

Tukiupata mwisho ule wote, tutauandika upya, wewe juu, mimi chini. Daftari nimeshanunua, liko juu ya kabati. Na kalamu nimenunua ya wino. Hili ni la kwetu, hatuombi ukurasa kwa mtu.

Nakungoja, na hasira zangu zote zinakungoja.

Mimi dada yako,
mkono wa kushoto